Fundi Anayefuta Kila Kitu

Kuna usemi ulioenea katika maduka ya kompyuta hapa Nyanda za Juu Kusini, tangu Mwanjelwa jijini Mbeya hadi Miyomboni mjini Iringa. Usemi wenyewe ni "kupiga Windows". Kompyuta ikigoma kuwaka baada ya kusasishwa, fundi haulizi imegomaje wala tangu lini. Huitazama kidogo, akatikisa kichwa, kisha akatoa hukumu: "Hapa dawa ni kupiga Windows upya." Maana yake ni kufuta kila kilichomo katika diski na kuweka upya mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiamsha mashine na kuzitawala programu nyingine zote. Baada ya saa mbili mashine inawaka, mwenyewe analipa na kushukuru. Nami nasema wazi kwamba huo si ufundi, na kwamba sisi wenye mashine ndio tunaoulea.

Ndugu msomaji, tuanze kwa kuelewa jambo lenyewe. Mfumo endeshi unaposasishwa, mashine hupokea mafaili mapya kwa njia ya intaneti, huyaweka mahali pa yale ya zamani, kisha hujizima na kujiwasha. Katikati ya kazi hiyo umeme ukikatika, au nafasi katika diski ikiisha, au kifaa fulani kisipopatana na programu mpya, kazi hukwama. Lakini barua zako, picha zako na hesabu zako mara nyingi hazikuguswa. Zipo palepale zilipokuwa. Ni sawa na nyumba ambayo kitasa cha mlango kimegoma na mali yote ni salama ndani. Je, umepata kumwona seremala anayechoma nyumba kwa sababu kitasa kimegoma?

Ninaye mwalimu mwenzangu, mama mstaafu kama mimi, anayeishi Mbeya. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akikusanya maneno, methali na hadithi za Kisafwa na Kinyakyusa kutoka kwa wazee wa vijijini, akiziandika kwanza katika daftari na baadaye katika kompyuta yake ya nyumbani. Siku moja mashine ilikwama ikijisasisha. Akaipeleka dukani. Kijana wa pale alimwamkia kwa adabu zote, akamwambia, "Shikamoo mama. Usihofu, jioni utaikuta tayari." Kweli jioni aliikuta tayari, inang'aa, tupu kama ubao uliofutwa. Daftari za miaka ya mwanzo anazo. Lakini kazi ya miaka sita ya mwisho ilikuwa ndani ya ile mashine peke yake, na wengi wa wazee waliomsimulia wamekwisha kufariki. Hakuna duka litakalomrudishia. Alipouliza, aliambiwa kwamba hakusema kuwa anahitaji mafaili yake. Hebu fikiri! Mgonjwa aliyepelekwa kutibiwa jino, akaamka hana ulimi, akaambiwa kwamba hakusema anauhitaji.

Nyumbani kwangu Iringa yalitokea mambo yanayofanana na hayo. Umeme ulikatika sasisho likiwa katikati, na uliporudi kompyuta ikawa inajiwasha na kujizima bila kufika popote. Kwa kuwa nilikwisha kuyasikia ya Mbeya, nilikataa katakata isipelekwe popote kabla hatujaichunguza. Mjukuu wangu alikuwa likizo. Tuliandika katika karatasi kila neno na kila tarakimu iliyotokea kwenye skrini. Tulichomoa printa na flashi. Baada ya kushindwa mara kadhaa, mashine yenyewe ilileta ukurasa wa matengenezo. Humo tulichagua kuiwasha katika hali salama, ambayo huamsha yale ya lazima tu. Ilipowaka tulinakili kwanza mafaili yote katika diski ya nje, na ndipo tukaliondoa lile sasisho lililokwama. Mashine ikarudi kama ilivyokuwa, bila kupotea hata barua moja. Kazi yote ilichukua jioni moja, nasi si mafundi.

Nimefundisha maisha yangu yote ya kazi, na miaka mingi nilikuwa mwalimu mkuu. Katika chuo cha ualimu tulifunzwa kwamba mtoto akikosea hesabu, mwalimu hatafuti jibu tu, bali anatafuta mstari ambapo kosa lilianzia. Pengine aliazima vibaya, pengine alinakili tarakimu vibaya kutoka ubaoni. Ukiupata mstari ule, umemfundisha. Mwalimu anayechana ukurasa na kusema "anza upya" hakumfundisha kitu, na kosa litarudi kesho. Ndivyo ilivyo kwa mashine. Fundi anayefuta bila kujua sababu hawezi kukuambia kama itakwama tena mwezi ujao. Kama diski inakufa, itaendelea kufa. Kama nafasi ni finyu, itaendelea kuwa finyu.

Tena ugonjwa huu si wa vijana wa madukani peke yao. Taifa letu liliwahi kuugua. Mwaka 1974, baada ya mpango wa kuweka hesabu za Hazina katika kompyuta kwenda mrama, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Hofu ya gharama nayo ilikuwa ya haki. Lakini badala ya kutafuta kosa lilianzia wapi, katika mashine au katika maandalizi ya watu, tulifuta kila kitu. Ilichukua miaka mingi marufuku hiyo kulegezwa, na kizazi kizima cha walimu kilipita bila kuigusa kompyuta.

Tazama sasa mfano wa kinyume. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilituma kwa wateja wake sasisho lenye kasoro. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia Windows ziliangushwa duniani, ndege zikakwama viwanjani, hospitali na benki zikahangaika. Je, wataalamu walifuta diski milioni 8.5? La hasha. Walitafuta sababu, wakaiona, na dawa waliyotangaza ilikuwa hii: washa mashine katika hali salama, ondoa faili moja lenye kasoro, washa tena.

Najua nitakavyojibiwa. Fundi atasema kwamba malipo ni madogo, wateja wana haraka, na kuchunguza kunakula muda. Pia atasema kwamba zipo mashine ambazo hazina dawa nyingine. Hayo ni kweli. Lakini hata pale ambapo kufuta ni lazima, kunakili hutangulia. Diski ya mashine isiyowaka yaweza kuchomolewa na kuunganishwa na mashine nzima, mafaili yakatolewa. Kama kazi hiyo inahitaji fedha zaidi, na aseme bei, mwenye mali achague. Asichoruhusiwa ni kuchagua kwa niaba yake.

Jambo hili halina budi kusemwa sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, toleo lililotoka mwaka 2015. Nyumba nyingi hapa kwetu zina kompyuta za mtumba kutoka Ulaya na Marekani, na nyingi ya hizo hazina kile kijipande cha usalama kinachotakiwa na Windows 11. Wenye mashine hizo wanashawishiwa kupiga toleo jipya kwa nguvu. Nyingi zitakwama njiani, na njia ya maduka yale itajaa watu.

Basi tusiende mikono mitupu. Kwanza, kila mwenye kompyuta na awe na nakala rudufu ya kazi zake katika diski ya nje, iliyowekwa mbali na mashine. Pili, kabla ya kumkabidhi fundi, aulize maswali matatu: Umeona tatizo gani? Mafaili yangu utayanakili wapi? Kosa limesababishwa na nini? Fundi asiyeweza kujibu hata moja, usimwachie mashine yako. Tatu, wanaowafundisha vijana ufundi huu wawazoeze kuandika sababu ya kila ubovu kabla ya kugusa chochote.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekwenda mbali zaidi: tunabomoa ukuta mzima kabla ya kuutafuta ufa, kisha tunamlipa aliyebomoa. Tuache.