Wacheni Kutubandikia Nyota

Wacha nianze na mimi mwenyewe kabla mtu hajaingia kwa komenti na skrinishoti. Ile picha yangu ya Ziwa Magadi, ile iko na anga imejaa nyota na utepe mweupe unapita juu ya magadi kama moshi, ni feki. Chini ni Magadi kweli. Juu si Magadi. Hiyo anga niliitoa kwa programu ya simu. Zilikuwa anga kumi na mbili zimepangwa kama mitumba, nikachagua moja, nikabonyeza, kwisha. Nikaandika chini "Kwetu ni kutamu", na mkailaiki kuliko kitu chochote nimewahi kuposti.

Haikuishia hapo. Msee mmoja anayepanga safari za wikendi akaniandikia anaitaka kwa poster yake. Akanilipa 6,000. Mimi niliacha campo mwaka wa pili, na mathe bado huniuliza kama hii kamera inaweza kupika ugali. Kwa hivyo 6,000 kwangu si pesa ya kuchezea. Nilisema sawa na sikuuliza safari ni lini.

Safari ilikuwa usiku wa mwezi mpevu.

Kama hujui hiyo inamaanisha nini, usijali, hata wale waliolipa hawakujua. Mwezi mpevu hutoka wakati jua linazama na hauondoki mpaka asubuhi. Mwangaza wake unafunika karibu nyota zote, zinabaki chache zile kali. Yaani waliuziwa usiku wa nyota kwa tarehe mbaya kuliko zote za mwezi.

Jumatatu nikapata ujumbe. Ni msichana ananifuata kitambo, anauza nguo, na alikuwa ameweka akiba miezi mitatu ndio aende. Aliandika hivi: "Bro, nilienda Magadi juu ya picha yako. Sikuona zile nyota. Nadhani simu yangu ni mbovu. Wewe ulitumia gani?"

Hakunitusi, hakusema mimi ni mwongo. Alilaumu simu yake. Alikuwa amesimama pale na macho yake mawili, akaangalia juu, hakuona nilichomwonyesha, na akaamua shida ni yeye.

Hiyo ndiyo sababu naandika leo. Watu husema anga za kubandika ni kitu kidogo, ni urembo tu. Mimi naona zinatufundisha kutoamini macho yetu. Ukishaona picha mia moja za uongo, siku utakayosimama chini ya anga ya ukweli utasema, "Ah, kumbe ni hii tu?" Halafu utarudi nyumbani na wewe ubandike yako ili usiaibike. Na mwingine ataiona yako, atafunga safari, na atarudi akilaumu simu.

Najua mtasema nini. "Buda, kila mtu anaedit." Ndio, na mimi naedit. Ukipiga picha usiku, kamera inakupa kitu cha kijivu kisicho na uhai. Unaongeza mwangaza kidogo, unatoa punje punje, unarekebisha rangi. Huko ni kutoa kilichokuwa ndani ya picha. Kuleta anga ya nchi nyingine na kuiweka juu ya Kajiado ni kitu tofauti kabisa. Ni kama kuchukua picha ya harusi ya jirani ukabandika uso wako, halafu uwaambie watu umeoa.

"Lakini ni sanaa." Sawa. Basi andika hapo chini, "Hii anga si ya hapa." Ni maneno matano tu. Kama ni sanaa, kwa nini unaogopa kuyaandika? Mimi najua kwa nini, kwa sababu niliogopa. Nilijua nikiyaandika laiki zinashuka, na ule msee wa poster hanipigii.

Kitu kinachouma zaidi ni kwamba hata kudanganya hatujui kudanganya. Ile picha yangu niliipiga Desemba, na anga niliyobandika ilikuwa na ile sehemu nono ya katikati ya Njia Nyeupe. Desemba hiyo sehemu haionekani, kwa sababu jua liko upande huohuo. Inatoka mchana pamoja na jua na kuzama nalo. Kwetu, ukiitaka jioni, unaenda Juni, Julai au Agosti, na utaikuta imepanda juu sana angani. Hakuna mtu hata mmoja aliyenishika, maelfu ya watu! Wote mmezaliwa chini ya hii anga na hakuna aliyesema, "Mse, hiyo haiko hapo Desemba." Mimi pia nilikuwa sijui.

Na si mimi peke yangu. Kuna ile picha inazunguka ya Mlima Kenya, nyota zikichora miviringo juu kabisa ya vilele. Fikirieni kidogo. Nyota huonekana zikizunguka ncha za anga, na urefu wa hiyo ncha angani unategemea umbali wako na ikweta. Ukiwa Norway, ncha iko juu sana kichwani. Mlima Kenya uko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo ncha zote mbili ziko chini kwenye upeo, moja kaskazini, nyingine kusini. Hapa kwetu nyota zinachomoza mashariki zikipanda wima na kuzama magharibi zikishuka wima. Hiyo picha ni mlima wetu umevalishwa kofia ya Ulaya.

Na bado sisi ndio tuko mahali pazuri! Mtu wa London hawezi kuona Msalaba wa Kusini akiwa kwao, hata angoje miaka mia. Sisi kwa mwaka mmoja tunapitisha karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini, bila kupanda ndege. Wahenga wa Pwani walikuwa wanasoma Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota, kujua msimu wa kulima, na jina lenyewe linatoka kwa kulima. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota. Ilikuwa siku yetu ya Jamhuri, na wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili lilienda huko juu kabla wazazi wa wengi wetu hawajazaliwa. Halafu sisi tunakaa hapa tunadownload anga ya wenyewe.

Mtaniambia hamna kamera ya laki mbili. Sikilizeni, kitu cha kwanza unahitaji ni kalenda, na hiyo ni bure. Tafuta tarehe ya mwezi mwandamo, ile siku mwezi hauonekani, na upange safari siku mbili tatu karibu na hapo. Pili, ondoka kwa mataa. Magadi kuna kiwanda na mji, na vinawaka usiku kucha. Weka hiyo mataa mgongoni na uende mbali nayo. Tatu, zima tochi na simu kwa dakika 20 au 30 ndio macho yazoee giza. Hapa ndipo wengi mnaharibu, kwa sababu mnafika na spika na taa za rangi halafu mnauliza nyota ziko wapi. Nne, kama simu yako ina sehemu ya Pro, weka sekunde 15 au 20, ISO 1600 au 3200, fokasi mbali kabisa, iegemeze kwa jiwe, weka taima na usiiguse. Itatoka na punje punje. Haitakuwa kama ya yule jamaa wa kwenye eskrini. Itakuwa yako.

Nilirudi Magadi Julai, kwa mwezi mwandamo. Tulikuwa wanne kwa gari moja, na tripodi nimeazima. Tulizima kila kitu. Dakika kumi za kwanza ilikuwa vicheko na kulalamika mbu. Halafu polepole watu wakanyamaza bila kuambiwa. Ule utepe haukuwa na zambarau wala buluu ya kwenye programu. Ulikuwa mweupe, mweupe wa majivu, na ulikuwa mkubwa vibaya sana. Picha nilizopata ni nne tu za maana. Niliziposti, na zimepata laiki chini ya robo ya ile ya uongo. Inauma, sitadanganya. Lakini sizitoi.

Ile ya uongo nayo sijaifuta. Nimeandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba ni feki, ndio kila anayefika ajue. Ule msee wa poster nimemwambia aitoe, amesema ataangalia. Bado inazunguka. Yule msichana nilimwandikia ukweli wote, nikamwomba radhi, nikamwambia simu yake iko sawa, na nikamwalika Magadi ya Julai bila kulipa. Alisoma. Hajawahi kunijibu, na ana haki. Miezi mitatu ya akiba hairudishwi na "pole".

Kwa hivyo kama wewe ni creator na unasoma hii, na unajua uko na picha kama yangu, usinitumie inboksi ya kuniambia nimeharibu soko. Nenda uandike yale maneno matano. Na wewe mfuasi, ukiona anga tamu kwa poster ya safari, uliza maswali mawili kabla hujatuma pesa: hii picha ilipigwa mwezi gani, na hiyo siku ya safari mwezi utakuwa mpevu ama mwandamo? Akishindwa kujibu, kaa na pesa yako.