BWANA SHAMBA ANASEMA: Dawa Iliyotoka Udongoni



Mvua ya kwanza ikinyesha, udongo hutoa harufu nzuri. Je, harufu hiyo inatoka wapi? Sehemu kubwa yake hutoka kwa bakteria. Hivi ni vijidudu vidogo sana. Hatuwezi kuviona kwa macho tu.

Baadhi ya vijidudu hivyo hutengeneza dawa. Dawa hizo huzuia kuvu. Na kuvu ndiyo huleta magonjwa mengi ya mimea.

Ugonjwa mmoja wa kuvu ni blasti ya mpunga. Majani hupata madoa yenye ncha mbili. Katikati doa ni la kijivu, pembeni ni la kahawia. Ugonjwa ukishika shingo ya suke, suke hukauka. Mkulima huvuna mapepe.

Wakulima wa Japani waliusumbukia sana ugonjwa huu. Kwanza walinyunyiza dawa zenye zebaki. Lakini zebaki ni sumu kwa watu. Mwaka 1958 wataalamu walipata dawa kutoka kwa bakteria wa udongo. Iliitwa blastisidini. Ilizuia blasti, lakini iliumiza macho ya wakulima. Mwaka 1965 wakatangaza dawa nyingine, kasugamisini. Bakteria wake walitoka katika udongo wa mji wa Nara. Dawa hii huzuia kuvu isitengeneze protini. Bila protini kuvu haikui. Tena haikuwa kali kwa watu.

Wakulima wakafurahi. Wakanyunyiza dawa hiyo hiyo kila mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika baadhi ya mashamba ikaacha kufanya kazi. Kwa nini? Kuvu chache zilikuwa sugu. Nyingine zote zilipokufa, hizo chache zilibaki, zikazaana. Ikabidi wakulima wabadilishe dawa.

Ndugu zangu, blasti iko hata katika mashamba yetu. Tujifunze kwa wenzetu:

1. Panda mbegu safi, za aina inayostahimili ugonjwa.

2. Usizidishe mbolea ya chumvichumvi kama urea. Majani yakinenepa mno, blasti huyapenda.

3. Ondoa mabua yenye ugonjwa baada ya kuvuna.

4. Ukilazimika kutumia dawa, muulize Bwana Shamba kwanza. Soma maandishi yaliyo kwenye chupa. Fuata kipimo. Usitumie dawa ya aina moja kila mara.

5. Usimwage shambani vidonge vya zahanati. Hivyo ni vya wagonjwa. Ukivitumia ovyo, vijidudu vya magonjwa ya watu navyo vitakuwa sugu.

Dawa nzuri ikitumiwa vibaya hupoteza nguvu. Leo unajua kusoma. Basi soma chupa kabla ya kuifungua, kisha msomee na jirani yako.

Maswali ya kujadiliana:

Kwa nini kasugamisini iliacha kufanya kazi katika baadhi ya mashamba?

Je, katika kijiji chetu tunatumia dawa moja kila mwaka?