KUIGA SI KUIBA

Kijana mmoja wa hapa Misigiri anajifunza kuchora uso wa mtu kwa rangi za mafuta, kwa kuiga picha ya yule mama Mona Lisa. Wenziwe wanamcheka. Wanasema kwamba huo ni wizi wa kazi ya mtu, naye karibu aitupe brashi. Yafaa tulitazame jambo hili.

Leonardo da Vinci wa Italia alianza kuichora picha hiyo, ambayo sasa iko Paris, yapata mwaka 1503. Huko Madrid, katika makumbusho ya Prado, iko nakala yake. Mwaka 2012 wataalamu walieleza kwamba mahali Leonardo aliposahihisha mchoro wake, mwenye kunakili naye alisahihisha vile vile. Basi yaelekea alikuwa mwanafunzi aliyechora sambamba na mwalimu wake. Je, huyo tumwite mwizi?

Aigaye hivyo huufunza mkono wake. Kwanza hupiga miraba juu ya picha na juu ya ubao, ili pua na macho yakae mahali pake. Kisha hutia kivuli na mwanga kwa rangi ya udongo peke yake, halafu rangi nyingine, tabaka nyembamba juu ya tabaka. Rangi ya chini iwe na mafuta kidogo, ya juu iwe na mafuta zaidi. Ukipindua, picha itapasuka. Na mafuta yawe ya kitani. Alizeti yetu ya Iramba tuiache jikoni, maana huchelewa mno kukauka.

Lakini iko hatari. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, aliwaonya wachoraji kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Yeye alipochora maisha ya Yesu katika kanisa la Fort Hall, yaani Murang'a ya sasa, nchini Kenya, kazi aliyoimaliza mwaka 1959, aliwachora watu wa Kiafrika katika nchi ya Wakikuyu.

Mashauri haya mawili hayapingani. Mtoto hujifunza kusema kwa kufuata midomo ya mamaye, lakini akikua husema yake mwenyewe. Basi, kijana, maliza nakala yako, andika nyuma yake kuwa ni nakala, wala usiiuze kama kazi uliyoibuni. Kisha twaa ubao mwingine, mketishe bibi yako karibu na dirisha, umchore. Uso wake hauko Paris wala Madrid. Mwenye kuweza kuuchora ni wewe.