Vilango vya moyo: wagonjwa waelezwe kwa lugha yao

Miongoni mwa maneno yanayowatia wananchi hofu pasipostahili, na kuwaacha bila hofu panapostahili, ni lile ambalo madaktari wa moyo huliandika kwenye karatasi za uchunguzi: rigajitesheni. Mgonjwa akiuliza maana yake, aghalabu hujibiwa kwa mkato kwamba vali ya moyo wake "inavuja". Hurudi nyumbani na maneno mawili badala ya moja, na yote mawili hayaelewi.

Jirani yangu mmoja alinijia jioni na karatasi ya aina hiyo, ya bintiye mwenye umri wa miaka kumi na miwili. "Baba Amina," akaniuliza, "kama moyo wa mtoto unavuja, hiyo damu inamwagikia wapi?" Swali hilo si la kipumbavu hata kidogo. Katika Kiswahili paa huvuja, mtungi huvuja, na dau huvuja. Na panapovuja, kitu hupita pasipokuwa njia yake kikatoka nje au kikaingia ndani. Mama yule alilichukua neno kwa maana yake halisi, akawa anakesha akimtazama mtoto puani na kinywani. Wengine hulisikia neno hilohilo wakadhani moyo una tundu, ilhali hayo ni maradhi mengine, ambayo mtu huzaliwa nayo.

Ukweli ni kwamba damu haitoki nje ya moyo. Moyo una vyumba vinne na vilango vinne, na vilango hivyo ndivyo vali. Kazi ya kilango ni kufunguka damu ipite, kisha kufunga isirudi ilikotoka, na hufanya hivyo yapata mara 100,000 kwa siku. Kisipofunga barabara, sehemu ya damu hurudi nyuma. Ikiwa ni kilango kilicho kati ya vyumba viwili vya kushoto, kile kiitwacho mitrali kwa kufananishwa na kofia ya askofu, damu hurudi upande wa mapafu. Ndipo mgonjwa hutweta akipanda mlima mdogo tu, akashindwa kulala bila kuinuliwa kwa mito. Nao moyo, kwa kulazimika kuisukuma damu ileile tena na tena, hutanuka na hatimaye huchoka.

Neno la madaktari lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kufurika na kurudi. Sisi tunalo la kwetu: kucheua. Mtoto mchanga hucheua maziwa, ng'ombe hucheua majani. Mwambie mama wa Bungoma au wa Lamu kwamba kilango cha moyo wa mwanawe kinacheua damu, naye hatauliza inamwagikia wapi. Wataalamu wetu wa istilahi wakiona kwamba neno hilo linanuka zizi, basi waseme damu inarudi nyuma, nitaridhika. Kuvuja tuwaachie mafundi wa mabomba.

Yamkini msomaji ataniona nabishania maneno watu wakiwa wagonjwa. La hasha. Vilango vingi vinavyoharibika miongoni mwa watoto wetu huharibiwa na homa ya baridi yabisi. Homa hiyo hutanguliwa na maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria waitwao streptokokasi. Koo lisipotibiwa, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili hukosea adui na kuvishambulia viungo na vilango vya moyo, wiki mbili au tatu baadaye. Na tazama jina hilo linavyotupotosha! Mzazi akisikia baridi yabisi humkumbuka nyanya yake na magoti yake wakati wa mvua, akamvisha mtoto sweta na kumkanda kwa maji moto. Nani atawaza moyo?

Mtoto aliyekwisha kupatwa na homa hiyo huandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano haimponyi kilango; humkinga asiugue koo lile tena, kwa maana kila homa ikirudi hukiongezea kilango kovu. Asiyeelezwa hayo ataziachaje sindano? Kwa urahisi kabisa. Mtoto anacheza, hana maumivu, nauli ya kwenda kliniki ni ghali, na sindano yenyewe inauma. Anaacha, wala hapati wa kumlaumu, kwa kuwa alidhani alikuwa akitibiwa maumivu ya magoti yaliyokwisha. Kinachobaki mara nyingi ni upasuaji, ambao gharama yake inawashinda wengi. Na akiwekewa kilango cha chuma, atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, damu ikipimwa mara kwa mara. Naye binti akitaka kuzaa, dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwa upande wa pili, kipimo cha mawimbi ya sauti hugundua damu kidogo mno inayorudi hata kwa watu wenye afya timamu, wasiohitaji dawa yoyote. Nimemwona mwanamume mwenye nguvu zake akiacha kulima kwa sababu ya karatasi kama hiyo, ambayo hakuna aliyemsomea neno "kidogo".

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Kiswahili nacho ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Madaktari watasema foleni ni ndefu, na hawasemi uongo. Lakini muuguzi anaweza kuchora vyumba vinne kwenye karatasi kwa dakika tatu, na Wizara ya Afya inaweza kuchapisha kadi ya Kiswahili: jina la kilango, kiasi cha damu inayorudi, na tarehe ya sindano ijayo. Chini yake paandikwe kwamba mwenye kadi hii aionyeshe kwa daktari kabla ya kung'olewa jino, kwa kuwa vijidudu vya kinywani vyaweza kuingia katika damu na kutua kwenye kilango chenye kovu.