Duka liko Kariakoo, seva iko Frankfurt

Ndugu zangu wa Dar,

Mimi naishi huku Frankfurt.

Jumapili ya Mei 12, 2024 ilikuwa Siku ya Mama. Nilimpigia mama kwa video, simu ikagoma. Nikadhani kaishiwa bando. Kumbe nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na za Bahari ya Shamu zilikwishajeruhiwa tangu Februari.

Waya hukatika, meli huja, huungwa. Kilichoniuma ni kaka yangu kuniambia kwamba tovuti ya duka lake haifunguki. Duka liko Kariakoo, mteja yuko Temeke, mzigo unapelekwa na bodaboda. Afrika Kusini inaingiaje hapo? Inaingia kwa sababu tovuti ile inakaa huku, kwenye majumba ya seva ninayoyapita nikienda kazini. Mteja akibonyeza picha ya kitenge, ombi lake huvuka bahari mpaka Ulaya ndipo picha irudi Temeke.

Na si kwamba Dar haina mahali pa mitandao kukutania. Kituo cha kubadilishana data cha TIX kipo, kampuni za intaneti hupeana mizigo yao ya data palepale mjini. Soko lipo, bidhaa ndizo zimehifadhiwa ng'ambo.

Halafu, mbali na waya kukatika, kuna wahuni wanaozima tovuti makusudi. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilizidiwa na furiko la maombi bandia. Chukulia watu mia tano wamepanga foleni kwa muuza chipsi, kila mmoja anauliza bei na kurudi nyuma ya mstari. Mwenye njaa hafiki. Kampuni za ulinzi wa tovuti huweka machujio katika miji mingi, furiko lizuiwe karibu na linakotokea. Chujio hilohilo hutunza nakala ya picha za kitenge, Temeke ikapewa hapohapo Dar. Malipo, lakini, hayana nakala. Hayo yatasafiri mpaka seva yenyewe ihamie nyumbani.

Kaka, muulize yule kijana aliyekutengenezea tovuti: inalala wapi? Akikujibu iko kwenye wingu, mwambie wingu hilo lina mtaa na namba ya nyumba, na mdogo wako analiona kila asubuhi akiwa kwenye tramu.