Mwanamazingaombwe, Vua Koti la Kuazima

Siku moja ya jua kali pale Base Camp, Nakivale, nilimwona kijana akifanya mazingaombwe mbele ya watoto na mama zao. Alivaa koti jeusi refu na kofia ndefu ya kadibodi, akasema Kiingereza cha puani kama cha filamu za Marekani. Mikono yake ilikuwa hodari. Sarafu ilipotea kiganjani, kamba iliyokatwa ikaungana. Watoto walipiga makofi. Kisha mama mmoja aliyekaa karibu nami akauliza, "Huyu naye ni nani?" Hakuna aliyemjibu, na nadhani hata kijana mwenyewe asingeweza kumjibu.

Ninadai katika insha hii kwamba swali la mama yule ndilo swali la kwanza la sanaa hii, na kwamba wengi wa vijana wetu wanaofanya mazingaombwe, Nakivale na hapa Mbarara, wanalikwepa. Wanakesha wakijifunza mbinu kwenye video za simu, lakini hawaundi mhusika. Wanaazima. Wengine huazima koti la Mzungu, wengine huazima hirizi za mganga. Kosa la kwanza ni la uvivu. La pili ni la hatari.

Tuanze na koti. Wengi hudhani ndilo vazi la asili la kazi hii. Mfaransa Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa aliyefungua ukumbi wake Paris mwaka 1845, alisifika kwa kupanda jukwaani na suti ya jioni wakati wenzake wengi walipenda majoho ya kichawi. Suti ile ilikuwa nguo ya watazamaji wake. Alisimama mbele yao kama mgeni mwenzao aliyealikwa chakula cha usiku, ndipo maajabu yakaanza. Basi anayemwiga kwa kuvaa koti katika vumbi la Nakivale amechukua vazi na kuacha maana yake. Kama kweli tunamfuata, tuvae wanachovaa watu walio mbele yetu.

Sasa hirizi. Wapo wanaojipaka unga usoni, wakafunga kaniki, wakatikisa tunguri na kutangaza kwamba wamepewa nguvu na mizimu. Watu hutetemeka, na msanii huhesabu kutetemeka huko kuwa sifa. Uganda ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1957, lakini sheria haijaondoa hofu mioyoni. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958, na leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, kila mmoja na mila zake. Mara nyingi jirani hajui jirani yake alitoka wapi wala aliona nini njiani. Onyesho likiisha, msanii hukunja kaniki yake na kwenda zake. Hofu aliyoiamsha hubaki kijijini ikitafuta mtu wa kumwangukia, na mtu huyo aweza kuwa bibi kizee anayeishi peke yake. Aliyekwisha kukimbia kwao mara moja asikimbizwe tena kwa sababu ya mchezo wetu.

Robert-Houdin mwenyewe anatuonya hapa. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria ili aonyeshe kwamba maajabu ya Wafaransa yanawashinda viongozi wa dini wa huko. Alimwita mwanamume mwenye nguvu ainue sanduku dogo, akamwambia amemnyang'anya nguvu zake, na kweli sanduku halikuinuka. Chini yake kulikuwa na sumaku ya umeme. Msanii aliyeingia Paris kama mgeni mwema aligeuka Algiers kuwa chombo cha mtawala, kwa sababu tu alidai nguvu ambazo hakuwa nazo na watu wakaogopa.

Watasema: watazamaji wanapenda kitu kigeni, na ugeni ndio unaouza. Ni kweli unauza. Mmarekani William Robinson alijifanya Mchina kwa jina la Chung Ling Soo, akapata umaarufu mkubwa Uingereza. Jukwaani alinyamaza, na mbele ya waandishi wa habari alitumia mkalimani. Machi 1918, jijini London, mchezo wake wa kudaka risasi uliharibika na risasi ikampiga. Hapo ndipo watazamaji wakamsikia akisema Kiingereza. Mhusika aliyemlea miaka mingi hakuwa na lugha ya kuombea msaada.

Mlinganishe na Benson Wanjau, Mkenya aliyejulikana kwa jina la Mzee Ojwang katika Vitimbi, aliyefariki mwaka 2015. Alikuwa Mkikuyu, lakini aliigiza mzee wa Kijaluo kwa Kiswahili chenye lafudhi yake. Naye aliazima, nakubali. Lakini alimwazima jirani ambaye alikuwa akimtazama, anayeweza kucheka au kuzomea. Jirani huyo alikuwa hakimu wake kila wiki.

Basi mhusika wetu atoke kwenye foleni ya bomba, kwenye stendi ya bodaboda, kwenye soko la Mbarara. Mfikirie mzee aliyetumwa maji. Anamimina dumu lake mpaka tone la mwisho ili apate sababu ya kurudi bombani kupiga soga. Akigeuka, dumu lina maji tena. Anamimina, yanarudi. Analalamika, analitukana dumu, anatuomba tusimwambie mkewe. Mbinu ya chombo kisichokwisha maji ni ya zamani, na mwanafunzi yeyote mwenye subira ataiweza. Lakini sasa ajabu linamtokea mtu tunayemjua, wala hadai kwamba nguvu ni zake. Tunashangaa na kucheka, na hakuna anayerudi nyumbani na hofu.

Na aseme Kiswahili. Katiba ya Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini Mbarara wapo bado wanaokisikia kama lugha ya askari. Mzee huyu akikisema kwa lafudhi ya Kongo, akasahihishwa na muuza ndizi wa Kinyankole ambaye naye anakosea, atakitetea Kiswahili kuliko hotuba zetu.

Wengine watauliza kama si dharau kuchekesha watu kwa shida zao. Swali hili ni zito, na yapo mambo ambayo mimi binafsi sitaki kuyaona yakigeuzwa mchezo: mauaji, watoto waliopotea njiani. Kipimo changu ni hiki: onyesho lifanywe kwanza mbele ya wale wanaopanga foleni. Wasipocheka wao, lisipelekwe Mbarara.

Walimu wetu, mnatufundisha kuchambua wahusika wa riwaya na tamthilia. Yapeni mazingaombwe nafasi katika somo la sanaa za maonyesho, ili kijana anayekesha na sarafu zake aulizwe pia mhusika wake anataka nini na anaogopa nini. Siku mama yule atakapouliza tena "Huyu naye ni nani?", nataka mtoto aliye mbele amjibu bila kugeuka: "Humjui? Ni Mzee Dumu, wa kule Juru."