Kwao ni Myahudi, akifika Israel anaulizwa upya

Mwanafunzi Myahudi kutoka Mbale, mashariki mwa Uganda, akienda kusoma Jerusalem, cha kwanza kumshangaza ni ukimya wa Ijumaa jioni. Mabasi yanasimama, maduka yanafungwa, mji unaingia Sabato pamoja naye.

Kwao haiko hivyo. Jumamosi soko limechangamka, bodaboda ziko kazini, na mtihani unaweza kupangwa siku hiyohiyo. Wanafunzi Wasabato waliwahi kukishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa sababu ya ratiba za Jumamosi, na mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ikawakatalia. Kwa hiyo kuishi mahali ambapo kalenda iko upande wako, hiyo ni habari mpya kabisa. Maajabu yanakuja Jumapili, watu wanapoenda kazini kama kawaida.

Halafu kuna suala la msosi. Mbale si mahali pa kukuta bucha ya kosheri kila kona, kwa hiyo jamii inachinja yenyewe kwa kufuata Torati. Jerusalem anaingia supamaketi, pakiti nyingi zina muhuri tayari. Chakula hakina maswali. Maswali yanabaki kwake yeye.

Jamii yake inaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Ilianza mwaka 1919, kiongozi wa kivita Semei Kakungulu alipogombana na Waingereza, akaachana na Ukristo na kutahiriwa. Miaka ya 1970 Idi Amin alipiga marufuku dini yao, wengi wakabadili dini, wakabaki mamia tu. Mwaka 2002 marabi wa mkondo wa Conservative, wengi wao kutoka Marekani, walienda Uganda na kuwapokea rasmi mamia ya waumini.

Hapo ndipo mzozo ulipo. Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950 inampa Myahudi yeyote haki ya kuhamia Israel, lakini anayeamua nani anahesabika ni wizara ya mambo ya ndani. Mtu aliyepokelewa na mkondo huohuo kule Marekani kwa kawaida anakubaliwa. Wa Uganda anawekewa alama ya kuuliza.

Angalia mwaka 2018. Wizara ilikataa ombi la kijana wa Abayudaya aliyekuwa Israel na kutaka kuhamia moja kwa moja. Miezi michache baadaye, vijana 40 wa jamii hiyohiyo wakapelekwa kutalii Israel na Birthright, mpango wa safari za bure kwa vijana Wayahudi. Kutembea ruksa, kubaki hapana. Ni vigumu kuona mantiki hapo.

Desemba 2017 mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa Myahudi mmoja wa Kenya. Alikuwa na viza, anaenda kusoma katika yeshiva, chuo cha Torati, hapo Jerusalem. Alizuiwa uwanja wa ndege wa Ben Gurion usiku kucha, kisha akarudishwa. Mamlaka zilidai hakueleza kwamba ombi lake la awali lilikataliwa. Wenyeji wake waliona ni ubaguzi.

Je, ni rangi tu? Si rahisi hivyo. Israel ina Wayahudi zaidi ya laki moja na nusu wenye asili ya Ethiopia, ingawa nao wameandamana, 2015 na 2019, wakilalamikia polisi. Ila pia ina maelfu ya waomba hifadhi kutoka Eritrea na Sudan, ambao serikali imekuwa ikitafuta namna ya kuwaondoa. Ofisa wa uhamiaji akimwona kijana Mwafrika na begi la vitabu, ni rahisi kumwaza kama mtu asiyerudi kwao. Mwanafunzi analipa gharama ya hofu hiyo.

Tofauti inaonekana kwa aliyekwenda upande mwingine. Gershom Sizomu wa Nabugoye, kilima cha nje kidogo ya Mbale, alisomea Los Angeles. Viza ya mwanafunzi ya Marekani haiulizi kama wewe ni Myahudi halali. Alipata urabi mwaka 2008, akarudi nyumbani kuongoza jamii yake, na mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, wengi wao si Wayahudi, wakamchagua kuwa mbunge.